Umekwama Kutafuta Ukoo Wako Kusini? Dalili, Sababu na Pa Kuanzia Upya

Watu wengi wa Mtwara na Lindi wanaoniletea kazi zao za kutafuta ukoo huja na karatasi ya namna moja: jina lake, la baba, la babu, kisha alama ya kuuliza. Wengine wameshalipia kipimo cha vinasaba, majibu yameingia kwenye simu, na hawajui wayafanyie nini. Mimi mwenyewe nilikwama hapohapo miaka miwili, na haya ni mambo ambayo ningefurahi kama mtu angeniambia mapema. Nimeyapanga kwa dalili, kama fundi anavyouliza "inafanyaje?" kabla hajafungua kitu. Tafuta dalili yako. Ila ile ya kwanza isome hata kama unadhani haikuhusu.

Dalili: Umefika kwa babu mzaa baba, na hakuna anayejua zaidi

Mara nyingi wazee hawajasahau. Umepita njia ambayo ukoo haukupita. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mwenye kauli juu yake ni mjomba, na cheo cha mkubwa wa ukoo kilikwenda kwa mpwa, yaani mtoto wa dada. Huu mtindo wa kubeba jina la baba na la babu tumeupata kwenye dini, shule na fomu za serikali. Kwa hiyo jina la tatu kwenye kitambulisho chako linaweza kukupeleka kwa mtu ambaye pale kijijini alikuwa mgeni aliyekuja kuoa. Ukiuliza habari za wazazi wake utaambiwa "huyo alitokea ng'ambo huko", basi, na watu wataendelea na kazi zao.

Nilienda kwa bibi mzaa mama, juu huko Uwanda wa Makonde, upande wa Kitangari, nikiwa na kaunta buku na mti wa ukoo niliouchora vizuri kwa rula. Bibi alikuwa kwenye mkeka anamenya ming'oko, maganda anayatupia kuku. Nikaanza kumsomea majina. Jina la tatu lilipotoka, kisu kikasimama.

"Huyo uliyemwandika babu, mume wangu," akaniambia, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "si babu. Ni mjomba wa mama yangu. Kwenye litawa letu yeye ndiye aliyekuwa anatambika."

Kwa dakika kumi zilizofuata nilipata majina sita ambayo miaka miwili ya kuuliza upande wa baba haikunipa hata moja.

Basi geuza maswali. Mmakonde muulize litawa lake, yaani ukoo wake wa upande wa mama, ni lipi; Myao muulize lukosyo, maana ni ileile. Kisha: mama yake mama yako alizaliwa tumbo moja na nani? Mjomba wenu mkubwa alikuwa nani, na aliyekuwepo kabla yake? Nani alikuwa anatambika, na akitambika alikuwa anataja nani? Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Kwenye tambiko unga humwagwa chini ya mti, kwa wengi mti huo ni msolo, na wahenga huitwa mmoja mmoja kwa majina. Anayetambika hana ruhusa ya kubuni. Ile orodha ndiyo daftari la ukoo, na wapo wazee walioacha tambiko miaka mingi kwa ajili ya dini lakini mpangilio wa majina wanaukumbuka kama shairi walilokariri shuleni. Mwombe ruhusa, washa kinasa sauti cha simu, usimkatize. Hata kama jina limerudiwa, liache lilivyo; mfuatano una maana yake. Kama mzee hapendi kabisa kugusa habari za tambiko, muulize ni majina gani ya marehemu husomwa kwenye hitima ya familia. Mara nyingi utakuta sehemu ya orodha ileile.

Kwa familia za pwani yenyewe, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa, mambo yanaweza kuwa kinyume: nasaba ya baba imetunzwa hadi kizazi cha saba na bibi mzaa mama hana hata jina. Huko nako geuza maswali.

Dalili: Mtu mmoja anaonekana ameishi miaka 130

Umeambiwa babu fulani alipigana Majimaji, na huyohuyo alikuwa na kesi ya shamba wakati wa uhuru. Usimkatae mzee kwamba amechanganya. Huenda ni watu wawili au watatu waliorithi jina. Mkubwa wa ukoo akifa, mpwa anayekalia nafasi yake huchukua jina, na pamoja na jina huchukua undugu wote: wajane wanamwita mume, watoto wa marehemu wanamwita baba. Tangu siku hiyo mazungumzo ya familia hayatofautishi.

Mfano ulio wazi ni Matola wa Wayao. Matola aliyekuwepo Newala wamisionari walipofika miaka ya 1870 ni mmoja, na Matola ambaye Mjerumani Karl Weule alimkuta mwaka 1906 ni mwingine, mrithi wake. Asiyejua anaandika mtu mmoja.

Dawa yake ni swali fupi: "Jina hili alizaliwa nalo au alilirithi?" Kama alilirithi, uliza la utotoni. Kwenye daftari lako wape namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila habari iandike chini ya namba yake. Ukikosa kujua ni ya nani, iache pembeni.

Dalili: Mtu mmoja, majina manne

Jina la kuzaliwa, jina alilotoka nalo jandoni au unyagoni, jina la ubatizo au la Kiislamu, na jina aliloandikishwa kazini alipokwenda kuwa manamba kwenye mkonge. Yote ni halali. Tatizo ni pale unapotafuta moja tu.

Halafu kuna mwandishi. Mjerumani aliandika Masasi kwa s nne, Massassi, na Chiwata akaianza kwa Tsch. Mreno kule ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, anaandika Maconde na Rovuma. Kwenye lugha zetu nyingi za kusini l na r hubadilishana, kwa hiyo kila jina lenye l litafute pia kwa r, na kinyume chake. Mimi huandika pembeni ya kila jina sura zote ninazoweza kuzifikiria kabla ya kufungua daftari lolote la zamani. Kazi hiyo ya robo saa imeniokoa siku nzima zaidi ya mara moja.

Dalili: Miaka haikubaliani

Cheti kinasema 1 Julai 1938, kadi ya kliniki ya zamani inasema 1934, na mwenyewe anasema alikuwa msichana mkubwa mvua ya kimbunga iliponyesha. Mwamini mwenyewe kwanza. Tarehe 1 Julai na 1 Januari kwenye vitambulisho vya wazee mara nyingi ni makadirio ya karani.

Kusini tuna vigingi vizuri vya kufungia umri. Majimaji ni 1905 hadi 1907. Mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, ni Oktoba 1917, na mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani likavuka Ruvuma. Wazee wa mabonde yale hueleza uzazi wa bibi zao kwa vita hiyo. Mradi wa karanga Nachingwea ulianza 1947 ukafa 1951. Kimbunga kilipiga Lindi Aprili 1952. Vita ya ukombozi Msumbiji ilianza Septemba 1964. Usimuulize mzee "ulizaliwa mwaka gani?" Muulize: reli ya Nachingwea ilipokuwa inapita ulikuwa umeshachezwa unyago? Kimbunga kilipopiga ulikuwa unabebwa mgongoni au ulikuwa unabeba mdogo wako?

Familia za Kiislamu zichunguze kurasa za nyuma za misahafu ya zamani. Wazazi waliandika uzazi humo kwa herufi za Kiarabu na mwaka wa hijria. Kupata makadirio, zidisha mwaka wa hijria kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Mwaka 1350 unakuangusha 1931. Ukitaka siku yenyewe, kampelekee shehe mwenye kalenda.

Dalili: Kijiji alichozaliwa hakipo kwenye ramani

Sababu ya kwanza ni mipaka. Mkoa wa Lindi ulikatwa kutoka Mtwara mwaka 1971, na kabla ya uhuru yote yalikuwa Jimbo la Kusini. Hati ya 1965 inayosema Mtwara inaweza kuwa inazungumzia Ruangwa. Tandahimba ilikuwa Newala, Nanyumbu ilikuwa Masasi, Ruangwa ilikuwa Nachingwea.

Sababu ya pili ni vijiji vya ujamaa. Operesheni ilikuwa na nguvu zaidi kati ya 1973 na 1976, ingawa mpakani watu wengi walikuwa wameshahamishwa kabla ya hapo kwa sababu ya vita ya ng'ambo. Walikotoka pakawa mahame. Usitafute mahame ofisini. Tafuta miembe. Mahali pori limefunga halafu ghafla kuna miembe mitatu mikubwa na mikorosho iliyozeeka, hapo palikuwa na watu, na makaburi hayako mbali. Nenda na mtu anayepajua. Nami huomba ruhusa ya ukoo kwanza, maana kuingia makaburini mwa watu kimyakimya ni jambo baya hata kama nia ni njema.

Dalili: Kila ofisi unaambiwa hakuna kumbukumbu

Pengine ni kweli. Wakati wa ukoloni kuandikisha vizazi hakukuwa lazima kwa Waafrika, kwa hiyo kumtafuta babu aliyezaliwa 1920 kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ni kujichosha. RITA itakufaa kwa vyeti vya baadaye, vizazi, vifo na ndoa.

Kwa Wakristo mlango ni parokia. Misheni ya Wabenediktini ilianza Lukuledi 1895 na Nyangao 1896. Zote mbili zilichomwa moto kwenye Majimaji mwaka 1905, na Ndanda ikaanzishwa 1906. Usishangae basi kama daftari la kwanza unaloonyeshwa linaanza baada ya hapo. Masasi ni Waanglikana: mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta huko watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Kama familia yenu ni ya Wakristo wa mwanzo kabisa wa Masasi, kuna uwezekano mkubwa asili yenu ni mbali na Masasi, na karatasi za misheni hiyo ya UMCA ziko Oxford, Uingereza, kwenye maktaba ya Bodleian.

Daftari la ubatizo la Kikatoliki halikomei kwenye siku ya ubatizo. Nilipewa moja nilikague, kubwa kama sinia, wino umekuwa rangi ya chai, nikaandika jina, wazazi na msimamizi, nikataka kulifunga. Padri akaniwekea kidole pembezoni, kwenye maandishi madogo yaliyolala upande. Yalikuwa yameongezwa miaka ishirini baadaye: mtu huyo amefunga ndoa, na jina la parokia alikofungia. Kanisa huirudisha habari ya ndoa kwenye daftari alikobatizwa mtu. Kwa mstari mmoja ule nilijua alikohamia. Soma pembezoni kila mara. Kilatini kisikutishe, maneno ni yaleyale: *natus* amezaliwa, *pater* baba, *mater* mama, *patrinus* msimamizi.

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya Wajerumani na Waingereza. Humo tafuta ukoo kupitia kesi, majumbe na malalamiko ya kodi. Mtu wa kawaida huonekana alipogombana na serikali.

Dalili: Mzee anaongea vizuri, kisha ananyamaza ghafla

Ukifika hapo, funga daftari. Huenda umegusa utumwa.

Njia kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani zilipitia katikati yetu, na watu wa kusini walikuwa pande zote mbili, waliouzwa na waliouza. Wapo mateka waliobaki hapahapa, wakaingizwa kwenye koo, wakaoa na kuzaa. Kumtaja mtu kwamba bibi yake aliletwa ni jambo ambalo mpaka leo linaweza kuvuruga harusi au mirathi. Mzee anayenyamaza anamlinda mtu aliye hai, pengine jirani anayekusalimu kila asubuhi.

Usimbane. Rudi siku nyingine bila karatasi. Waulize watani: wao ndio wanaozika, wanajua, na wana haki ya kusema yasiyosemeka, ingawa wakikuambia kwa mzaha, thibitisha kwa utulivu. Picha za zamani nazo husema. Nembo za usoni hazikuwa mapambo tu. Alama ya mwezi mwandamo kwenye paji la uso, kwa mfano, ilikuwa ya Wamakua. Bibi mwenye alama hiyo katikati ya familia ya Kimwera ana safari yake. Ukishaipata, jiulize kama ni lazima uiandike ukutani au ibaki kwenye daftari.

Dalili: Majibu ya vinasaba yanasema "Kongo" au "Kameruni", na wewe ni Mmakonde

Kipimo hakijakosea sana, wala wewe hukudanganywa nyumbani. Kampuni inalinganisha vinasaba vyako na makundi ya watu iliyonayo, na watu wa kusini mwa Tanzania ni wachache mno kwenye makundi hayo. Inachagua wanaofanana nawe zaidi. Babu zetu Wabantu walitoka upande wa Kameruni na Nijeria kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo mfanano upo kweli. Asilimia zile hubadilika kila kampuni inapoongeza watu. Zitazame mara moja, kisha ziache, hazitakuonyesha litawa.

Kwa familia za pwani zenye nasaba ya Kishirazi kuna jambo zuri la kujua. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani kwenye miji ya pwani na bara yake ya karibu, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo. Ulionyesha damu ya Kiafrika imeingia zaidi kwa akina mama, na ya Asia, hasa ya Uajemi, kwa akina baba, mchanganyiko ukianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo kama upande wa mama umetoka wa Kiafrika kabisa na mzee anashikilia Shirazi, wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Dalili: Umenunua kipimo, lakini hakijibu swali lako

Vipimo ni vya aina tatu, na huku kwetu uchaguzi wake ni tofauti na unaoshauriwa Ulaya. Huko watu hubeba jina la ukoo kwa baba, basi hushauriwa kupima kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Litawa na lukosyo hazipiti huko. Zinapita palepale inapopita DNA ya mitokondria: mama anampa kila mtoto, na binti pekee ndiye anayeiendeleza. Wanawake wawili wa litawa moja, mmoja yuko Newala na mwingine Mueda, Msumbiji, wakiwa kweli wametoka kwa bibi mmoja, wanapaswa kuwa nayo moja. Ikitofautiana wazi, basi njia ya mama mtupu haiungani, na sababu inaweza kuwa huyo mateka aliyeingizwa ukooni niliyemtaja. Angalizo: mitokondria hubadilika polepole mno. Ikifanana, bibi mwenyewe anaweza kuwa wa miaka elfu kadhaa nyuma. Inafaa zaidi kukanusha kuliko kuthibitisha. FamilyTreeDNA huuza kipimo hiki peke yake, AncestryDNA haikupi.

Cha tatu, kipimo cha kromosomu za kawaida, kinachukua pande zote na ndicho kinachotafuta ndugu walio hai. Lakini kila kizazi hupoteza nusu: wewe una kama robo ya bibi yako, na thumuni ya mama yake. Ndiyo maana nawaambia watu: kama fedha inatosha kipimo kimoja, mpime mzee zaidi, usijipime wewe. Bibi akiondoka, robo tatu ya alichokuwa nacho haimo mwilini mwako.

Kabla ya kutuma mate yoyote nje ya nchi, pita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali uulize utaratibu. Kuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu ndiyo inayoisimamia.

Dalili: Sentimogani hazilingani na maneno ya bibi

Sentimogani ni kipimo cha urefu wa vinasaba mnavyochangia. Kwa wastani mzazi na mtoto huwa karibu 3,480. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja 2,600. Ndugu wa mzazi mmoja, babu na mjukuu, mjomba na mpwa, wote huangukia karibu 1,750. Watoto wa ndugu wawili 870. Wajukuu wa ndugu wawili 230. Vitukuu vyao 73.

Bibi akisema "huyo ni mdogo wangu" na namba ikatoka 850, hajadanganya. Kwake mtoto wa mama mdogo ni mdogo wake, na mtoto wa baba mkubwa ni kaka. Uliza kwa lugha inayotenganisha: tumbo moja? Baba mmoja, matumbo tofauti? Swali hilo moja huondoa nusu ya migongano.

Namba ikizidi kuliko ilivyotarajiwa, fikiria ndoa za binamu. Kuoa mtoto wa mjomba au wa shangazi kulipendwa kwenye koo nyingi za kusini. Ndoa hizo zikirudiwa vizazi vitatu, wajukuu wa ndugu wawili wanaweza kuonekana karibu zaidi ya walivyo. Hapo usitazame jumla peke yake, tazama na kipande kirefu kuliko vyote: undugu wa karibu huacha vipande virefu, undugu wa kurudiarudia huacha vipande vifupi vingi.

Dalili: Sampuli imeshindikana

Wazee midomo hukauka. Asile, asinywe wala kutafuna chochote kwa nusu saa, mkandie mashavu taratibu, mpe muda. Akishindwa, chagua kampuni inayotumia kijiti cha kusugua ndani ya shavu.

Dalili: Baba si baba

Hili likitokea, kuna mtu mmoja au wawili wa kujua kabla ya ukoo, na mara nyingi wa kwanza ni mama. Usiweke kwenye kundi la familia. Hakiki kwanza kama sampuli hazikubadilishana. Nimeona chupa mbili za nyumba moja zikiandikwa majina kinyume. Kama suala linagusa matunzo au mirathi, kipimo cha kampuni ya nje hakitakusaidia. Kinachofaa ni cha Mkemia Mkuu, nacho hupitia kwa walioruhusiwa kukiomba, kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii.

Na kwa yeyote unayemwomba mate, mweleze hili kabla hajatema: majibu yanaweza kuleta mtu usiyemtarajia. Akikataa, umeshajibiwa.

Dalili: Una ndugu mamia kwenye orodha, na hakuna wa Mtwara

Watu wa kwetu waliopima ni wachache. Waliojaa humo ni watu wa Marekani na Ulaya, na wengi wenye sentimogani 8 hadi 15 hawatakupa jina lolote. Lakini usiwapuuze wenye majina ya Kifaransa wa Morisi na Réunion. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Wamakua walifika pia Durban, wakiwa wameteremshwa na meli za Waingereza miaka ya 1870. Hao ni ndugu wa kweli, ila kiungo kimezikwa mbali mno.

Wa kuwaandikia kwanza ni walio juu ya sentimogani 60. Pakia pia faili lako la data ghafi kwenye tovuti ya GEDmatch, ni bure, upate waliopima kampuni nyingine. Na tazama upande wa kaskazini: Wamakonde walikwenda kwenye mashamba ya mkonge na miwa mpaka Kwale, Kenya, ambako walitambuliwa rasmi kama kabila la nchi ile mwaka 2016.

Majibu ya mama mdogo wa mama yangu yalileta ndugu mmoja wa sentimogani 96, binti anayeishi Uingereza, bibi yake mzaa mama mzaliwa wa Kwale. Nilimwandikia barua fupi: mimi nani, natokea wapi, litawa letu ni lipi. Halikumwambia kitu. Nikamuuliza kama bibi yake alikuwa na majina aliyozoea kuyataja akiwa na jambo zito. Akajibu baada ya wiki mbili kwa ujumbe wa sauti. Alikuwa amempigia mama yake, na mama yake ameyasema manne, pole pole, kwa lafudhi ya pwani ya Kenya. Nilifungua simu yangu nyingine, nikatafuta ile rekodi ya siku ya ming'oko, nikasikiliza zote mbili. La pili na la tatu ni majina yaleyale, kwa mfuatano uleule.

La kwanza kwao sisi hatuna. Huenda ni dada aliyevuka kwenda kwenye mkonge, au ni binti yake. Tumekubaliana mama yake apime mitokondria, na mimi baada ya msimu wa korosho nirudi Kitangari nikamuulize bibi kama tumbo lile lilikuwa na binti mwingine.